Funza, Adui wa Miguu ya Askari

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wamesoma darasani habari za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na majina ya majemadari waliopigana Afrika ya Mashariki wanayajua: Smuts kwa upande wa Waingereza na von Lettow-Vorbeck kwa upande wa Wajerumani. Lakini katika vita ile palikuwa na adui wa tatu ambaye walimu wa historia hawamtaji sana. Ni mdogo kuliko punje ya wimbi, hana bunduki, wala hakujali mtu ni wa bendera gani. Huyo ni funza, na katika makala hii nataka kueleza namna alivyoweza kuwalaza chini watu walioshindwa kulazwa na risasi, na jinsi majeshi yalivyojifunza kumzuia. Jambo hili si la zamani tu. Watoto wa nchi zetu wanaokosa masomo kwa ajili yake wako mpaka leo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wengi husema funza wakimaanisha mabuu yale meupe yanayoonekana katika nyama iliyooza. Simaanishi hao. Funza ninayemtaja ni yule aingiaye katika kidole cha mguu, ambaye watu wa pwani na Unguja wengi humwita tekenya, na kwa kweli jina hilo lamfaa, maana aanzapo kuingia mtu husikia kana kwamba anatekenywa. Waganda humwita envunza. Kwa ukoo yeye ni kiroboto, tena ndiye mdogo kuliko viroboto wote wanaojulikana. Urefu wake hauzidi sana milimita 1. Hajui kuruka juu kama kiroboto wa paka, na ndiyo sababu aghalabu humpata mtu miguuni: katikati ya vidole, chini ya kucha na pembeni mwa kisigino. Mtu akizoea kuketi au kulala chini, ataingiwa hata mikononi na matakoni.

Dume na jike wote hunyonya damu, lakini jike peke yake ndiye achimbaye ngozi akae ndani. Hutangulia kwa kichwa, na sehemu ya nyuma huiacha kwenye tundu dogo mno lililobaki wazi. Tundu lile ndilo mlango wake wa kila kitu: kwalo hupumua, kwalo hutoa uchafu, na kwalo hutaga mayai. Baada ya siku 7 hadi 10 tumbo lake huwa limefura hata kuwa kama njegere, na mwenye mguu huona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Sasa muwasho umegeuka kuwa maumivu. Mayai yake, ambayo hufika 100 na zaidi, hudondoka mavumbini kidogo kidogo. Yeye mwenyewe hufa mle mle ndani ya ngozi baada ya wiki 4 hadi 6 tangu alipoingia. Mayai nayo huanguliwa baada ya siku chache, mabuu hula takataka za mavumbini, na kwa muda wa wiki 3 au 4 hivi funza wapya huwa tayari kumtafuta mtu, mbwa au nguruwe. Hupenda udongo mkavu wa mchanga au wa vumbi, na kwa hiyo wakati wake mkubwa ni kiangazi.

Msomaji aishike vizuri hesabu hiyo ya wiki 3 au 4, maana bila hiyo mambo ya vita nitakayoyaeleza hayatafahamika.

Watu wengi hufikiri ya kuwa funza amekuwako Afrika tangu zamani za mababu. Sivyo. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wahispania walipofika huko baada ya 1492 walimkuta, na Gonzalo Fernández de Oviedo aliandika habari zake 1526. Hapo ndipo alipoanza kupambana na majeshi ya wageni. Mwaka 1537 askari wa Gonzalo Jiménez de Quesada, waliokuwa wakiingia katika milima ya nchi iitwayo leo Colombia, walifika mahali wakashindwa kutembea kwa ajili ya funza, mpaka wanawake wenyeji wa huko walipowasaidia kuwatoa. Watu waliovaa chuma kifuani walisimamishwa na mdudu asiyeonekana vema kwa macho! Wenyeji, ambao hawakuwa na chuma hicho, walikuwa na ujuzi wa kumtoa.

Yawezekana aliwahi kuletwa pwani za Afrika ya Magharibi zaidi ya mara moja bila kuenea mbali. Safari iliyomwingiza kabisa ilikuwa ya 1872. Mwaka huo meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro, Brazil, ikafika Ambriz katika pwani ya Angola. Meli isiyo na shehena ya kutosha hutiwa farumi, yaani mchanga au mawe ya kuipa uzito isipinduke baharini. Farumi ya meli ile ilikuwa mchanga, na ndani ya mchanga walikuwamo funza. Mchanga ukamwagwa pwani, na kutoka pale mdudu akafuata njia za watu. Alipanda mto Kongo pamoja na wafanya biashara, askari na wapagazi. Msafara wa H. M. Stanley, ulioanzia mdomo wa Kongo 1887 ukafika Bagamoyo Desemba 1889, nao huhesabiwa miongoni mwa misafara iliyomchukua kuelekea mashariki. Mwaustria Oscar Baumann alipopita kusini mwa ziwa Victoria 1892 aliwakuta watu wa Uzinza wameharibika miguu vibaya sana, kwa kuwa mdudu alikuwa mgeni kwao na namna ya kumtoa bado haijajulikana. Kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Bara zima alilivuka kwa muda wa miaka 25 tu, naye hana bawa wala hajui kuruka. Miguu yetu ndiyo iliyomvusha.

Basi vita ilipoanza Agosti 1914, funza alikuwa amekwisha kupata makao nchini, na watu walioletwa kupigana walitoka pande nyingi za dunia. Walikuja Wahindi, wakaja makaburu na Waingereza wa Afrika ya Kusini, na baadaye askari wa Nigeria na wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Walikuwapo hata askari kutoka visiwa vya Karibi, na nadhani hao angalau walimfahamu mdudu huyu tangu kwao! Wengi wa wale wengine hawakumjua. Mtu asiyemjua funza hudhani amechomwa na mwiba au kwamba kiatu kimembana. Hujikuna, hungoja, na siku ya kumi hawezi kukanyaga.

Tena vita ile ilikuwa vita ya miguu. Mwaka 1916 majeshi ya Smuts yalitembea kutoka nchi ya Kilimanjaro hata Morogoro, ambayo waliiingia mwishoni mwa Agosti, na mbele ya hapo wakaendelea kusini. Farasi walikufa kwa ndorobo. Magari yalikwama. Viatu vilichakaa njiani, navyo vipya havikuweza kufika upesi kwa kuwa vilipaswa kubebwa kichwani safari nzima. Kiatu kilichotoboka si ngao tena. Huenda ni kibaya kuliko kutovaa kitu, maana huhifadhi vumbi na jasho karibu na vidole, na mwenyewe haoni kinachotendeka ndani. Askari wa Keya wengi wao walitembea miguu mitupu. Nyayo zao zilikuwa ngumu, ziliweza kukanyaga changarawe na mwiba bila shida, lakini funza hahangaiki na unyayo mgumu; hutafuta ngozi laini iliyo pembeni mwa ukucha.

Upande wa pili haukusalimika. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi funza walivyomtesa, hata kidole chake cha mguu kikavimba na daktari akamfanyia operesheni ndogo. Jemadari huyo hakukamatwa na majeshi yaliyomfuata kwa miaka minne. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya kupata habari kwamba vita imekwisha Ulaya. Funza walikuwa wamempata mapema zaidi.

Sasa turudi kwenye hesabu ya wiki 3 au 4. Kikosi kikilala mahali pamoja siku chache, wenye funza hudondosha mayai pale wanapolala na pale wanapoketi kuota moto. Kikosi huondoka. Baada ya mwezi hivi kikosi kingine hufika, kimechoka, kikaona kambi nzuri iliyokwisha kufyekwa, vibanda vimesimama, na mavumbi makavu ya kulalia. Hulala. Wamelala juu ya mavuno ya wenzao. Kwa sababu hiyo kambi ya zamani ilikuwa ya hatari kuliko pori tupu, na kadhalika nyumba zilizohamwa na wenyewe. Hapakuhitajika mtu yeyote kuwa mchafu. Ilitosha watu wengi kupita njia moja na kulala mahali pamoja.

Walioumia zaidi ni wapagazi. Hao ndio waliobeba vyakula, risasi na hata wagonjwa, na jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Hesabu ya Waingereza ilionyesha kwamba wapagazi wa upande wao waliokufa walizidi 90,000, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Nisimdanganye msomaji: waliouawa na funza peke yao hawakuwa wengi. Wauaji wakubwa walikuwa kuhara damu, malaria na kichomi. Lakini mtu mwenye mzigo asiyeweza kukanyaga hubaki nyuma ya msafara. Akibaki nyuma hukosa posho yake. Na akikosa posho, kuhara damu humkuta hana nguvu. Zaidi ya hayo, tundu la funza ni mlango. Hupita usaha, hupita vidonda ndugu visivyopona kwa miezi, na hupita pepopunda, ambayo siku zile ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Katika vitabu vya hospitali huenda mara nyingi jina la funza halikuandikwa. Kiliandikwa kile kilichoingia nyuma yake.

Je, majeshi yalifanya nini? Dawa yao kubwa ilikuwa amri. Miguu ilikaguliwa kila siku au karibu kila siku, mtu mmoja mmoja, vidole vikipanuliwa, na aliyeonekana na nukta nyeusi alitolewa funza siku ile ile kabla hajafura. Kazi hiyo ilifanywa na watu wenye mkono mwepesi, aghalabu wenyeji wa nchi zilizomzoea mdudu, kwa sindano au pini. Afisa wa Kizungu naye hakuona aibu kumpa mguu wake mpagazi hodari wa kutoa funza. Mimi naona hapo ndipo penye siri yote. Katika ukaguzi hapakuwa na kuulizana nani mchafu na nani maskini. Kila mguu ulitazamwa, na kwa kuwa kila mguu ulitazamwa, hapakuwa na sababu ya mtu kuuficha wake.

Katika habari hizi wanafunzi wana sehemu yao, nayo haitajwi ipasavyo. Mwaka 1917 kiliundwa Uganda kikosi cha utabibu cha Waafrika, chini ya Meja G. J. Keane akisaidiwa na D. G. Tomblings, huyo ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Makerere kwa miaka mingi. Walioandikwa walikuwa vijana waliosoma katika shule za misheni, kwa sababu palitakiwa watu wawezao kusoma jina la dawa, kupima joto la mgonjwa na kuandika walichokiona. Wakapelekwa kuwa madresa katika hospitali za wapagazi. Vijana walioacha madawati wakaenda kuosha nyayo zilizooza za watu wasiowafahamu, wa makabila mengi, ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa hiki Kiswahili tunachokiandika hapa. Wazee wetu wa shule wanapokutana husimulia habari za mpira. Siwalaumu, lakini hii nayo yafaa kusimuliwa.

Hapa niseme jambo dogo kwa wale watakaosoma vitabu vya Kiingereza, wasije wakachanganya. Mdudu mwingine wa Asia na Amerika, aliye wa jamii ya utitiri, ana jina linalofanana sana na la funza katika lugha hiyo, lakini si yeye. Huko Asia mtoto wa utitiri huyo hueneza homa kali ya taifasi. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki waliopita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944 walikuwa katika nchi yenye homa hiyo. Utitiri huuma kisha hudondoka. Haingii akakaa ndani ya mwili kama funza.

Siku hizi jeshi lenye viatu vizuri na kambi yenye sakafu ya saruji halisumbuliwi sana na funza. Amehamia kwa wale wasiokaguliwa na mtu: watoto wadogo, wazee wanaoishi peke yao, na vilema wasioweza kuinama wakaona vidole vyao. Mwaka 2010 huko Busoga, mashariki ya Uganda, wakubwa wa serikali walitangaza kwamba watu kiasi cha 20 wamekufa na zaidi ya 20,000 wameumwa. Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi nazo zinamjua. Mtoto mwenye funza huchechemea, huketi nyuma, wenzake humcheka, na baada ya muda haji shule tena. Wapo wasemao kwamba ni laana ya ukoo, na wapo wasemao ni uvivu wa kuoga. Maneno yote mawili humfukuza mtoto mbali na msaada. Maji ya kuoga ni mazuri, lakini mtoto aliyeoga jioni akalala juu ya sakafu ya vumbi yenye funza ataamka naye. Na viatu, ambavyo watu wema hupenda kuvigawa, havimlindi saa za usiku.

Sasa habari za kumtoa. Kama ni mmoja au wawili, na wameingia juzi tu, watolewe kwa sindano safi iliyochemshwa au iliyo mpya, mahali penye mwanga. Tundu lipanuliwe taratibu pembeni mwa mdudu, atoke mzima bila kupasuka, kwa kuwa kipande kikibaki ndani mguu utavimba. Kisha kidonda kioshwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Sindano moja isipitishwe kwa watoto kumi. Hili nalitilia mkazo, maana katika nyumba nyingi ndivyo ifanywavyo, na damu ya mmoja huweza kumpa mwingine virusi vya ukimwi au vya homa ya ini. Aliyeumwa apelekwe zahanati kupata chanjo ya pepopunda ikiwa hana.

Funza wakiwa wengi, sindano haifai tena. Ni kumtesa mtoto bure. Kwa miaka mingi watu wamechovya miguu katika maji ya zambarau ya pamanganeti. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kenya na kutangazwa 2014 ulionyesha kwamba mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni huua funza wengi zaidi kuliko maji yale. Mafuta haya si sumu. Hutambaa mpaka kwenye tundu lile la nyuma nililolitaja, yakaliziba, na mdudu akakosa pumzi. Kwa kuzuia, dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi imejaribiwa Brazil na Madagascar ikapunguza sana idadi ya funza wanaoingia, mradi ipakwe kila siku.

Lakini miguu ikitibiwa na sakafu ikiachwa, baada ya mwezi mmoja tutakuwa pale pale. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na ikomelewe vizuri isiwe na nyufa zenye vumbi. Mwenye uwezo atie saruji. Mikeka na matandiko yaanikwe. Mbuzi na kuku wasilale chumba kimoja na watoto. Nguruwe na mbwa watazamwe miguu yao kama watazamwavyo watu, wakionekana wameingiwa watibiwe siku moja na wenye nyumba, maana funza wa nguruwe na funza wa mtu ni yule yule.